Brora: walikifunga kiwanda 1983 kwa kukosa soko, leo chupa yake moja ni bei ya kiwanja

Msukuma wa Aberdeen

Wakuu salaam. Kwenye ule uzi wa wiski wa wiki iliyopita kuna mtu aliandika kwamba wiski ni miaka tu, ikizidi miaka inazidi utamu, mjadala umefungwa. Sikumjibu kule maana watu walikuwa wanatafuta bei, ila imenikaa kooni, kwa hiyo nafungua wangu. Nitatumia mfano mmoja tu, Brora, kwa sababu ndio chupa ambayo wapenzi wa wiski wakiitaja wanashusha sauti, na msimamo wangu ni kwamba miaka sio iliyoifanya Brora ikawa Brora. Kiwanda ndio kiliifanya, miaka imepandisha bei. Anayebisha aje na hoja.

Kwa wageni, fasta fasta. Singo molti ya Scotland ni wiski ya kimea cha shayiri kitupu, imetoka kiwanda kimoja, imekenekwa kwenye mitungi ya shaba, na imelala kwenye pipa la mwaloni lisilozidi lita 700 huko huko Scotland kwa miaka isiyopungua 3. Ikishuka chini ya asilimia 40 ya kilevi hairuhusiwi kuitwa wiski. Johnnie Walker mnazopiga kila wikiendi karibu zote ni za kuchanganya, ndani kuna singo molti za viwanda vingi na wiski ya nafaka nyingine. Hiyo Johnnie Walker ishikeni, tutaihitaji mbele.

Brora ni kijiji cha pwani kaskazini mashariki ya Scotland, eneo la Sutherland, ukiwa Inverness unapanda treni ya kwenda Wick na Thurso. Mwaka 1819 Marquess wa Stafford, ambaye baadaye akawa Duke wa Sutherland, alijenga pale kiwanda kikaitwa Clynelish. Na historia yake chafu. Huyu bwana na mkewe walikuwa na ardhi karibu yote ya Sutherland, na miaka ile walikuwa wanafukuza wakulima kwa maelfu huko mabondeni ili waweke kondoo, nyumba zinachomwa moto, watu wanasukumwa pwani kwenye vipande vya ardhi wakajifunze uvuvi ukubwani. Kiwanda kikawekwa pale ili hao hao waliosukumwa wawe na pa kuuza shayiri yao, na pia kuua pombe ya magendo iliyokuwa inapikwa vichochoroni. Sanamu la huyo Duke lipo juu ya mlima pale Golspie hadi leo, kubwa balaa, na wapo watu wa kule wangefurahi likianguka hata kesho.

Turuke mpaka miaka ya 60. Soko la wiski limechanganya, wenye kiwanda, DCL (kampuni kubwa ya wiski, ndio mababu wa Diageo ya leo, wenye Johnnie Walker), wakajenga kiwanda kipya pembeni kabisa ya kile cha zamani, mwaka 1967, mitungi 6, kikachukua jina la Clynelish. Cha zamani chenye mitungi 2 kikazimwa 1968. Mwaka uliofuata tu wakakiwasha tena. Walikuwa na shida ya wiski ya moshi, hiyo ilikuwa inatoka kisiwa cha Islay, Islay kukawa na ukame, halafu Caol Ila, kiwanda chao cha kule, kikavunjwa na kujengwa upya 1972 hadi 1974. Kwa hiyo wakawaambia jamaa wa kile cha zamani, ambacho baadaye kikaitwa Brora, hebu tupikieni yenye moshi kama ya Islay. Kuanzia 1969 hadi 1973 wakapika yenye moshi mzito. Hakuna aliyekaa kwenye kikao akasema jamani tutengeneze kitu adimu, walikuwa wanaziba pengo la watu wa kuchanganya.

Caol Ila ikarudi, moshi wa Brora ukapungua, wakawa wanaupika mara moja moja. Machi 1983 kikafungwa. Mwaka ule DCL walifunga viwanda zaidi ya kumi kwa mpigo, Port Ellen ikiwemo, kwa sababu walipika kupita kiasi miaka ya 70, uchumi ukayumba, vijana wa Ulaya wakahamia vodka, maghala yamejaa hakuna wa kunywa. Brora haikuonekana na thamani ya kuokolewa wakati kuna kiwanda kipya hatua chache pembeni. Mapipa yakabaki yamelala.

Naendelea, ngoja nile kwanza.

Mama Naa

Nimekaa mkao wa kula. Swali, unaposema moshi ni moshi wa nini, wanapikia kuni?

kibosho_tz

Naweka alama hapa nitarudi jioni

Msukuma wa Aberdeen

@Mama Naa hapana dada, moshi unaingia kwenye kimea kabla hata hakijapikwa. Shayiri inalowekwa, inaota, ikishaota lazima uikaushe isiendelee kukua. Kule wanaikausha kwa kuchoma piti, ni udongo wa kinamasi wenye majani na mizizi iliyooza kwa maelfu ya miaka, wanaukata vipande vya tofali wanauanika. Moshi wake una fenoli, ndio hiyo harufu ya dawa ya hospitali na lami unayoikuta kwenye wiski za Islay. Moshi unashika kwenye maganda ya kimea, unapita kwenye mitungi yote miwili, na miaka 40 baadaye bado upo ingawa umepungua makali.

Mangi wa Machame

Kimea tunakijua sisi, mbege inawekwa kimea cha ulezi tangu enzi na enzi, hatujawahi kukivuta moshi 😂

Ila Msukuma mimi ndio yule niliyeandika kwenye uzi ule na narudia hapa hapa. Wiski ya miaka 12 inaunguza koo, ya 25 inateleza, nimezijaribu zote mbili kwenye sherehe ya bosi wangu. Sasa ukiniambia miaka haifanyi kitu unanichanganya. Na kama miaka haina kazi mbona wenyewe wanaiandika kwa herufi kubwa kwenye lebo?

Msukuma wa Aberdeen

Mangi sijasema haifanyi kitu. Nimesema sio iliyoifanya Brora.

Pipa linafanya kazi kubwa, inakubalika. Mwaloni unatoa vanila, nazi, viungo, tanini, na ule mkaa wa ndani ya pipa unanyonya ukali. Pipa lililobeba wiski ya Marekani linakupa utamu wa vanila, kule sheria yao inawalazimisha watumie pipa jipya kila mara ndio maana yaliyotumika yanamwagika Scotland kwa bei ya kutupa. Pipa la sheri, ule mvinyo mkali wa Hispania, linakupa zabibu kavu na rangi nzito. Lakini pipa halijui kusimama. Linaendelea kutoa ubao mwaka hadi mwaka, na kuna siku unafungua unakuta chai ya majani mengi iliyosahaulika jikoni, chungu, kavu, kiwanda chenyewe hukisikii tena. Mapipa ya namna hiyo ni mengi tu na yanauzwa kwa bei ya juu kwa sababu lebo imeandikwa 40.

Halafu hesabu yake inauma. Scotland kila mwaka kama asilimia 2 ya kilichomo inapaa hewani, wanaita fungu la malaika. Chukua pipa la lita 250, baada ya miaka 40 umebaki na kama lita 110, hapo hujahesabu linalovuja. Na kwa hali ya hewa yao ya unyevunyevu kilevi nacho kinashuka pole pole, kikigonga chini ya 40 imekula kwako. Kwa hiyo unapolipia miaka unalipia kilichopaa, sio lazima kilichobaki.

Otis_Nai

Sasa wasee, nimewapata kutoka Nairobi. Hapa kwetu singo molti imekuwa ya kupigwa picha, mtu anaagiza chupa inakuja na taa na wasichana watano wakipiga makofi halafu anaichanganya na koka. Ya miaka 18 msee, na koka. Nimeona na macho yangu.

Swali kwa mwenye thread, hiyo Brora ladha yake ni nini exactly, maana umeongea historia lakini hujatuambia ukiweka mdomoni kunaendaje.

Mjukuu wa Mpika Gongo

Kabla hajajibu hilo la ladha niweke kidogo upande wa upishi maana bibi yangu Mungu amrehemu alikuwa mtaalamu wa kijiji na mambo ni yale yale tu wenzetu wameandikiwa sheria. Unachemsha, mvuke unapita kwenye bomba unapozwa unadondoka, ile ya kwanza kutoka bibi alikuwa haruhusu mtu aiguse, inanuka ina ukali wa kupofua, anaitenga, inayofuata ndio yenyewe anakinga kwenye chupa, ikianza kuwa nyepesi na harufu ya nguo iliyolowa anasema hii mkia, anaitenga nayo. Kichwa na mkia havitupwi, anavirudisha kwenye mtungi siku ya kupika tena. Nadhani kule nako wanafanya hivyo hivyo mkuu nirekebishe kama nimekosea.

Msukuma wa Aberdeen

Mjukuu wa Mpika Gongo hujakosea hata kidogo, na umenirahisishia kujibu la Otis kwa sababu siri ya Clynelish na Brora imelala hapo hapo kwenye kichwa na mkia.

Scotland karibu wote wanapika mara mbili. Mtungi wa kwanza unatoa kitu cha asilimia ishirini na kitu, wa pili ndio unagawa kichwa, moyo na mkia, moyo unatoka karibu asilimia 70. Kichwa na mkia vinarudi kwenye tangi la kusubiria, vinaungana na kile cha mtungi wa kwanza, vinapikwa tena. Clynelish hilo tangi kwa miaka mingi limejijengea utando, mafuta mazito ya rangi ya kahawia yameganda ukutani na chini. Kiwanda kingine ukilikuta hivyo mtu anafukuzwa kazi. Pale utando huo ndio unaoipa wiski nta. Wakati mmoja walisafisha vizuri kama watu wenye adabu, wiski ikatoka safi, nta hakuna, wakachanganyikiwa mpaka walipogundua. Tangu hapo wakisafisha ule uchafu wanautunza wanaurudisha.

Sasa ladha. Nilikunywa kwenye baa moja huku kaskazini, mwenye baa ana chupa ya ile mikupuo ya kila mwaka ambayo Diageo walianza kuitoa 2002, miaka 30. Anamimina mililita 25 kwa kipimo cha chuma mbele yako, hakuna cha kuongezewa. Rangi ya dhahabu iliyopauka, wala sio ile kahawia inayotisha. Nikaiacha dakika kumi na kitu. Kwanza kunusa nikapata zizi. Sitanii, majani makavu, ngozi, jasho la mnyama, manyoya ya kondoo yaliyolowa mvua. Baada ya hapo moshi, wa mbali, uliozimika usiku. Ukiendelea kunusa linatoka ganda la limau na haradali.

Mdomoni ndio kuna kazi. Inashika. Midomo inabaki na utando, ulimi unajisikia umepakwa kitu, na ni nta kweli, ile ya masega ukishanyonya asali ukaendelea kutafuna. Juu ya nta kuna chumvi, pilipili manga, tufaha chachu. Ukishameza inakaa, nilitoka pale nikatembea hadi kituo cha basi bado naisikia mashavuni. Haikuwa tamu kwa maana ya utamu. Mtu aliyezoea sheri angeirudisha kaunta.

Na hapo ndio hoja yangu ilipo. Zizi, nta, haradali, moshi, hakuna hata kimoja kilichotoka kwenye pipa. Vilitoka kwenye kimea, kwenye mtungi, kwenye tangi lile. Pipa lilikuwa kuukuu lililochoka, likakaa pembeni likaviacha vizeeke vyenyewe.

Mangi wa Machame

Sasa si umejijibu, VIZEEKE. Kama ungeinywa ikiwa na miaka 5 zizi lingekutoa mbio.

kibosho_tz

Mangi kapiga hapo 😂😂

Msukuma wa Aberdeen

Kapiga mwamba. Zizi la miaka 5 lingekuwa kali ndio, na miaka imelilainisha, ila miaka hiyo hiyo ukiipa wiski ya kiwanda kingine haikuletei zizi. Kuna singo molti za miaka 40 zimejaa kwenye minada hakuna anayezikimbilia. Brora ya 1982 na Brora ya 1972 zikiwa na umri ule ule watu hawalipi sawa, na tofauti ni nini? Moshi wa 1972. Uamuzi wa upishi, sio umri.

Dr. Chachu

Nimepita tu, mimi ni mkemia wa chakula. Mmoja anasema kiwanda mwingine anasema miaka, kikemia vyote viwili vinategemeana. Esta ndefu za asidi za mafuta ndio zinazoleta hisia ya nta, zinatoka kwenye uchachushaji na mkia, hapo Msukuma yuko sahihi. Ila kwenye pipa kuna oksijeni inaingia kidogo kidogo, inaunda esta mpya na kuondoa salfa, na hiyo inataka muda hata kama pipa ni kuukuu. Pipa likiwa jipya sana utakimbilia kulifungua mapema kwa sababu ya ubao, likiwa limechoka unaweza kusubiri. Kwa hiyo Brora ilibahatika kupata mapipa mabovu.

Na maji je? Uliweka?

Msukuma wa Aberdeen

Niliweka matone mawili ndio, ikafunguka limau na moshi. Ulinde hoja yangu daktari, usinibomolee kistaarabu hivyo.

Dr. Chachu

Hahaha. Maji yana sababu. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Linnaeus kule Sweden walifanya hesabu za kompyuta, wakaona guayakoli, mojawapo ya molekuli zinazobeba harufu ya moshi, kilevi kikiwa kingi inazama katikati ya kimiminika, ukipunguza kwa maji inapanda juu karibu na pua yako. Barafu kwa upande mwingine inaua harufu, baridi inafanya vitu visipae. Wiski ya bei ile ukiitia barafu umejiibia.

Otis_Nai

Tusiongee kama Brora iko supermarket. Bei msee. Weka bei.

Msukuma wa Aberdeen

Kaeni chini kwanza.

Miaka ya 90 zilipoanza kutoka za Rare Malts, toleo lao la singo molti adimu, mtu wa kawaida alikuwa ananunua kwa mshahara, watu hawakuzijali. Mwaka 2014 ikatoka ya 1972, miaka 40, chupa 160 tu, pauni 6,995. Mwaka 2019 kwenye kutimiza miaka 200 ikatoka ya 1978, chupa 1,819 kwa kufuata mwaka wa kuanzishwa, pauni 4,500 kila moja. Halafu 2021 wakatoa seti ya tatu tatu, miaka 48, 43 na 38, chupa za nusu lita sio hata za kawaida, seti 300, pauni 30,000. Kwa madafu hiyo ni karibu milioni mia. Kwa nusu lita tatu.

Cheki lakini kitu kimoja kwenye hiyo seti. Ile ya miaka 48 ndio ya 1972, na kilevi chake ni 42.8, imebakiza pumzi kidogo kugonga 40. Wangesubiri wasingekuwa na wiski.

Mama Naa

Milioni mia jamani. Na wakikuuzia feki?

Msukuma wa Aberdeen

Mama Naa umegusa penyewe. Mwaka 2018 maabara ya vyuo vikuu vya Scotland inayopima umri wa vitu kwa kaboni, SUERC, ilipimishwa chupa 55 za wiski adimu zilizokuwa kwa wenye makusanyo na minadani. 21 zikakutwa ama feki kabisa ama sio za mwaka ulioandikwa.

Wanachopima ni kaboni 14. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 50 na 60 yalimwaga kaboni 14 angani ikazidi kiwango, shayiri iliyolimwa baada ya hapo ikaivuta, kwa hiyo wiski inayodai ni ya 1890 ikiwa na kaboni ya mabomu, hapo hakuna cha kujitetea.

Na kuna kile kisa cha Uswisi 2017, mwandishi mmoja tajiri wa Kichina alilipa faranga 9,999 kwa sentilita 2 za singo molti ya Macallan ya 1878 kwenye hoteli ya St. Moritz. Picha zikasambaa, wajuzi wakaiangalia kizibo na lebo wakaanza kuguna. Ikapelekwa Oxford, majibu yakaja kwamba imetengenezwa kati ya 1970 na 1972, na vipimo vingine vikaonyesha wala sio singo molti, ni ya kuchanganya. Hoteli ikamrudishia hela yake. Jamaa yeye alisema alifurahia tu.

Mangi wa Machame

Yaani alikunywa ya kuchanganya akaisifia ni ya 1878. Hii inanipa moyo kuhusu harusi yangu.

Ustaadh Mkali

Mnajua kuwa hiyo kitu ni haramu na moto unawasubiri?

kibosho_tz

Ustaadh na wewe umesoma uzi wote mpaka chini 😂

Ustaadh Mkali

Historia ya wale wakulima waliofukuzwa ndio imenivuta. Mengine nimepitia nimefumba jicho moja.

Pwani Huru

Mimi nina swali la kijinga. Nina chupa ya singo molti ya miaka 15 nililetewa zawadi, ipo kabatini Dar. Nikiitunza miaka 20 itakuwa ya 35? Na je mtu akianzisha ghala la mapipa Dar si tutazeesha haraka kuliko wao?

Msukuma wa Aberdeen

Swali zuri kuliko unavyodhani. La kwanza hapana, ikishaingia kwenye chupa imesimama, ni ya 15 mpaka kiama. Unachoweza kufanya ni kuiharibu. Isimamishe wima, usiilaze kama mvinyo, kilevi kile kinakula kizibo. Iweke gizani, mbali na dirisha, na kwa joto la Dar kizibo kikilegea utakuta imepungua shingoni bila kufunguliwa. Ukishaifungua ikabaki robo usiitunze, hewa inaimaliza, ita watu.

La pili, wapo waliofanya. Bangalore kule India kuna Amrut, wao malaika wanachukua asilimia 10 hadi 12 kwa mwaka, kwa hiyo wiski ya miaka 8 ya kule imeshapoteza zaidi ya nusu ya pipa na imekula ubao mwingi sana. Ni nzuri, nimeinywa, imejaa viungo na embe. Ila huwezi kuifikisha 30, pipa litakuwa tupu. Kwa hiyo Mangi, miaka 8 ya Bangalore na miaka 8 ya Sutherland sio miaka ile ile, nalo hilo litie kwenye hesabu zako za lebo.

Mangi wa Machame

Nimelitia. Bado nasimama na wazee.

Mjukuu wa Mpika Gongo

mkuu umesema kimefungwa 83 ila hiyo seti imetoka 2021 kwa mbwembwe, kulikuwa na nini

Msukuma wa Aberdeen

Kimefunguliwa tena! Hilo nilikuwa nalibakiza. Oktoba 2017 Diageo walitangaza watatia pauni milioni 35 kufufua Brora na Port Ellen. Kilichosaidia ni kwamba Brora haikubomolewa, majengo yalibaki, na mitungi yote miwili ya mwanzo ilikuwa bado imesimama mle ndani na vumbi lake. Wakaing'oa wakaisafirisha kwa lori mpaka Alloa kwa mafundi wao wa shaba, ikatengenezwa ikarudishwa pale pale. Mei 2021 wakapika. Aliyefungua mageti ni msimamizi wa kiwanda ambaye baba yake ndiye alikuwa afisa wa ushuru wa mwisho pale wakati kinafungwa.

Port Ellen ikafuata Machi 2024.

Dr. Chachu

Hii ni nzuri kwa hoja zenu zote mbili. Mitungi ile ile, maji yale yale, ila tangi la miaka ya 70 na utando wake halipo. Je watapata nta?

Msukuma wa Aberdeen

Wanasema ndio wanalenga hiyo hiyo, kuipika ionekane kama ya 80 mwanzoni. Mimi nina wasiwasi na neno "ionekane". Zile za mwanzo zilitoka chafu bila mtu kukusudia, walikuwa wanahangaikia kujaza mapipa ya watu wa kuchanganya. Sasa hivi kila tone linapikwa na mtu anayejua litauzwa kwa maelfu, ana kompyuta, ana wageni wanaopiga picha. Inawezekana ikawa nzuri sana. Zizi sijui kama watathubutu.

Otis_Nai

So kwa sisi wenye hatuna milioni mia tufanye?

Msukuma wa Aberdeen

Nilikuwa nawasubiri hapo. Nendeni jirani. Clynelish, kile kiwanda kipya cha 1967, kinauza ya miaka 14, asilimia 46, huku Uingereza ni pauni hamsini na kitu. Moshi karibu hakuna, zizi hakuna. Ila nta ipo, ile ile, limau, chumvi ya pwani, asali kidogo. Wengi wenu mmeshainywa bila kujua maana sehemu kubwa ya Clynelish inaenda kwenye Johnnie Walker, ndio kazi yake ya miaka yote, ile Gold Label imejengwa juu yake.

Ukiipata mimina kidogo kwenye glasi yenye mdomo mwembamba, iache, sugua tone moja kwenye viganja unuse, kilevi kikishapaa inabaki nafaka na nta yenyewe. Halafu kunywa bila koka. Otis nakutazama wewe.

Otis_Nai

Mimi sikuwa na hiyo koka, nilikuwa meza ya pili!

Pwani Huru

Mlimani pale zinapatikana? Au mpaka uwanja wa ndege?

kibosho_tz

Uwanja wa ndege jaribu, hizi mara nyingi hazifiki madukani, zinazofika ni zile tatu nne za siku zote. Mimi nimemwagiza mtu anayetoka Dubai, akifika na moja nitaweka picha na nitawaambia hiyo nta ipo au Msukuma anatuzuga.

Mangi wa Machame

Ikifika tunakutana kwa kibosho. Mimi nakuja na ile ya miaka 25 ya bosi, kabakiza robo, tunaziweka mezani mbili bila lebo, anayetaka kubisha abishe akiwa na glasi mkononi.

Msukuma wa Aberdeen

Niko likizo Dar mwezi wa 12. Mkizinywa kabla sijafika nafunga uzi.